Kumrudia Luteni Columbo: Mwongozo Kamili wa Kuitazama Upya Tamthilia ya Upelelezi

Tamthilia nyingi za upelelezi huisha utamu pale mtazamaji anapomjua muuaji, kwa kuwa zimejengwa juu ya swali hilo moja. Columbo haikujengwa hivyo. Katika karibu kila kisa tunamwona muuaji akipanga, akiua na kufuta nyayo zake kabla mpelelezi hajatokea, na kinachobaki ni kuona namna yule bwana mwenye koti lililokunjamana atakavyomfikia. Ndiyo maana anayeirudia huvuna zaidi ya anayeitazama kwa mara ya kwanza, ilimradi ajue anatafuta nini. Mwongozo huu unapendekeza shabaha moja tu: katika kila kisa, tafuta dakika ambayo Luteni alimjua mtu wake. Dakika hiyo haitangazwi. Imefichwa mbele ya macho yako, na mara nyingi hutokea mapema kuliko ulivyodhani ulipoitazama mara ya kwanza.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: miisho ya visa vitatu imeelezwa humu waziwazi. Asiyewahi kutazama Suitable for Framing, Étude in Black na Any Old Port in a Storm avitazame kwanza.

Hatua ya 1: Ijue tamthilia yenyewe

Columbo ilibuniwa na waandishi wawili wa Marekani, Richard Levinson na William Link, na mhusika mkuu, mpelelezi wa kesi za mauaji katika polisi ya Los Angeles, aliigizwa na Peter Falk. Filamu ya kwanza ya Falk katika nafasi hiyo ilirushwa mwaka 1968, ya pili ikafuata Machi 1971, na tamthilia rasmi ikaanza tarehe 15 Septemba 1971 katika kituo cha NBC. Ilidumu hapo hadi mwaka 1978, ikapumzika zaidi ya miaka kumi, kisha ikarejea katika kituo cha ABC mwaka 1989 na kuendelea kwa kusuasua hadi Januari 2003. Jumla ni visa 69, na kila kisa kina urefu wa filamu: cha mfupi ni dakika sabini na kitu, cha mrefu kinakaribia 100.

Kwa msomaji wa Tanzania Bara yafaa kukumbuka kwamba miaka yote ile ya NBC ilipita sisi tukiwa hatuna kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na chao tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mzee wa Dodoma anayesema anamkumbuka Columbo huenda alimwona kwenye kanda za video, tena visa vichache na pasipo mpangilio wowote. Kwa watazamaji wa namna hiyo, kuirudia leo ni kuipata kamili kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 2: Andaa nakala, picha na sauti

Tafuta nakala halali na kamili, iwe ya diski au ya kutazama kwa intaneti. Visa vinavyonakiliwa kiholela kwenye flashi huwa na majina yaliyochanganywa, na vingine hukatwa mwanzoni, jambo ambalo katika tamthilia hii ni hasara isiyofidika, kwa maana dakika za mwanzo ndizo zenye mauaji yenyewe. Epuka pia nakala zilizowekewa sauti ya mtafsiri juu ya mazungumzo. Ufundi ule una raha yake, na wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza tukiufurahia katika filamu za mapigano, lakini Columbo anaishi kwenye ukimya: anasita, anajikuna kichwa, anatafuta kalamu. Mtafsiri anayejaza kila nafasi kwa vichekesho vyake anafunika vitendo hivyo vyote.

Ukitazama kwa bando, kadiria takribani GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa picha ya ubora wa juu. Kisa kimoja chenye kurudiwarudiwa kinaweza kumaliza kifurushi cha wiki, hivyo ni nafuu kupakua wakati wa bando la usiku pale ambapo huduma uliyolipia inaruhusu.

Kisha angalia umbo la picha. Visa vya miaka ya 1970 vilipigwa kwa ajili ya televisheni za zamani zenye skrini inayokaribia mraba. Televisheni za kisasa huivuta picha hiyo hadi ijaze skrini nzima, nyuso zikawa pana na mikono ikawa minene. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua uwiano wa 4:3, uache michirizi miwili meusi pembeni. Hili si suala la urembo tu. Vidokezo vingi vya Columbo ni vitu vidogo vilivyowekwa pembeni mwa fremu, na televisheni inayokuza picha ili kuondoa michirizi hiyo huwa inakata sehemu ya juu na ya chini.

Kuhusu sauti, mkazi wa Dodoma anajua adui yake ni nani. Kati ya Desemba na Aprili mvua ikipiga juu ya bati hakuna mazungumzo yatakayosikika, na miezi ya kiangazi upepo hugonga madirisha usiku kucha. Tumia visikizio vya masikioni unapotazama peke yako, au washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Luteni hunung'unika sana, na hata mwenye Kiingereza kizuri hupitwa. Hakikisha pia uniti za LUKU zinatosha kabla ya kuanza, kwa kuwa kisa kilichokatwa katikati hakishiki tena usiku huohuo.

Hatua ya 3: Panga visa kwa makusudi

Hakuna ulazima wa kufuata mfuatano wa miaka, maana kila kisa kinajitegemea. Napendekeza uanze na Murder by the Book, kisa kilichofungua tamthilia mwaka 1971, ambacho kiliongozwa na Steven Spielberg akiwa na umri wa miaka 24 na hajajulikana bado. Sikiliza mwanzo wake: gari linakuja barabarani, lakini kinachosikika ni mlio wa taipureta. Mwandishi mmoja anachapa hadithi huku mwenzake yuko njiani kuja kumwangamiza. Baada ya hapo nenda Suitable for Framing, kisha Étude in Black cha mwaka 1972, Any Old Port in a Storm cha mwaka 1973 na A Friend in Deed cha mwaka 1974, ambacho muuaji wake ni mkubwa wa polisi, bosi wa Luteni mwenyewe.

Filamu ya mwaka 1968, Prescription: Murder, iache hadi umalize hivyo vitano. Ukiianza hutaona cha ajabu. Ukiitazama baadaye utashangaa kumkuta Falk akiwa amechana nywele, mkali zaidi, na asiyeficha sana werevu wake. Kisa cha Last Salute to the Commodore cha mwaka 1976 nacho kisubiri, kwa kuwa kinavunja kanuni ya tamthilia na kumficha muuaji hadi mwisho. Wapo wanaokipenda. Kwangu mimi kinaonyesha tu ni kwa nini kanuni ile ilikuwa sahihi.

Hatua ya 4: Tazama dakika za muuaji ukiwa na daftari

Chukua kauntabuku, gawa ukurasa katika safu tatu, na uandike kila kitu ambacho muuaji anakigusa, mahali anapokiacha, na saa inayoonekana au kutajwa. Usiandike mawazo yake wala sababu zake, andika vitu. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, kufikia Luteni anapoingia, ambaye huchelewa hata robo saa au zaidi, utakuwa na orodha ya vitu kumi au kumi na tano, na kimoja au viwili kati ya hivyo ndivyo vitakavyomfunga mtu.

Katika Étude in Black, kwa mfano, muuaji ni kiongozi wa okestra, Alex Benedict, aliyeigizwa na John Cassavetes. Kabla ya onyesho anaponyoka, anamuua mpiga piano aliyekuwa hawara yake, anapanga ionekane amejiua kwa gesi, kisha anarudi kuongoza muziki. Daftari lako litakuwa na taipureta, karatasi ya kuaga, gari, na ua alilochomeka kwenye kola ya koti. Ua hilo linaanguka nyumbani kwa marehemu. Baadaye, akiwa amerudi pale mbele ya polisi, Benedict analiona sakafuni, analiokota na kulichomeka tena kana kwamba lilimdondoka wakati huo. Ni kitendo cha sekunde chache tu. Lakini onyesho lilirekodiwa, na katika picha za onyesho kola yake ni tupu, ilhali kamera za habari zilizomnasa akitoka nyumbani kwa marehemu zinamwonyesha akiwa na ua. Mtazamaji wa mara ya kwanza anashughulika na uso wa Benedict. Wewe mwenye daftari unatazama kola.

Hatua ya 5: Luteni anapoingia, hamisha macho

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inahitaji kitufe cha kusimamisha picha kiwe karibu na kidole.

Usimsikilize Luteni anaposema na muuaji kwa mara ya kwanza. Mtazame kabla hajasema. Karibu kila kisa kina muda mfupi anapozunguka eneo la tukio akionekana amechoka, hajalala, anaomba kiberiti au kahawa, na askari wengine wanampita kama hayupo. Angalia mahali macho yake yanapotua kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha linganisha na daftari. Mara nyingi kitu hicho kimo kwenye orodha yako. Weka alama pembeni na uandike dakika.

Falk alipoteza jicho la kulia akiwa mtoto wa miaka mitatu kwa sababu ya saratani, akaishi na jicho la bandia, na ukimtazama kwa makini utaona jinsi anavyogeuza kichwa kizima ili kutazama kitu kilicho upande huo. Ishara hiyo imekuwa sehemu ya mhusika: akigeuza kichwa chote, amevutiwa.

Suitable for Framing ndicho kisa cha kufundishia hatua hii. Mhakiki wa sanaa, Dale Kingston, anamuua mjomba wake, anaufunika mwili kwa blanketi la umeme ili ubaki na joto na saa ya kifo ipotoshwe, kisha anapanga michoro miwili iliyoibwa ikutwe nyumbani kwa mama aliyewahi kuwa mke wa mjomba huyo. Mwishoni michoro inapatikana kama alivyopanga. Luteni anadai ikaguliwe alama za vidole, na alama zinazoonekana ni za Luteni mwenyewe. Kingston anafoka kwamba afisa huyu ameigusa sasa hivi, mbele ya watu wote. Columbo anatoa mikono mfukoni, nayo imevaa glavu.

Sasa rudi nyuma. Tafuta pale Kingston anapoingia nyumbani kwake na mkoba mkubwa na kumkuta Luteni amejikunyata kitini akimsubiri. Luteni anainuka kivivu, anauliza kama hiyo ni michoro, na kwa udadisi unaoonekana wa kijinga anaingiza mkono ndani ya mkoba. Kingston anamzuia, amechukia. Simamisha hapo. Mara ya kwanza ulichukua tukio hilo kuwa kichekesho cha mtu asiye na adabu katika nyumba ya watu, na kumbe ushahidi wote wa kesi uliwekwa katika sekunde hiyo. Swali la kujadiliwa na wenzako ni kama alikusudia. Mimi nashikilia kwamba alikusudia, kwa sababu katika visa vyote Luteni haingizi mkono mahali bila kuomba radhi kwanza, na hapa radhi inakuja baada ya kugusa.

Hatua ya 6: Chambua maswali, hasa yasiyohusu kesi

Kila mtu anakumbuka Luteni akiaga, akifika mlangoni, kisha akigeuka kuuliza jambo moja la mwisho. Hilo halihitaji mwongozo. Kinachohitaji umakini ni mazungumzo yanayolitangulia: habari za mkewe ambaye hatumwoni kamwe, za mbwa wake mvivu, za gari lake kuukuu, Peugeot 403 ya wazi, ambalo wazee wanaokumbuka Peugeot 404 na 504 za barabara zetu watalitambua mara moja kwa uso wake. Andika ni habari ipi aliisimulia kabla ya swali lipi. Utaona kwamba hadithi ya mke hutangulia swali ambalo muuaji angelikataa kama lingeulizwa moja kwa moja.

Jirani yangu mmoja wa Nkuhungu, askari mstaafu aliyefanya kazi ya upelelezi, alitazama nami kisa kimoja nikamuuliza, "Afande, mbona huyu haandiki maelezo ya mtuhumiwa?" Akanijibu bila kuondoa macho kwenye skrini, "Kijana, huyu hahoji, anapiga soga. Mtu ukimhoji anajilinda. Ukipiga naye soga, anakusaidia kazi."

Kama mnatazama familia nzima na wapo wasiofuata Kiingereza, teua mkalimani mmoja tu, asimamishe picha mwisho wa kila mazungumzo badala ya kusema juu yake, na atafsiri hata habari za mke na mbwa. Wakalimani wengi huziruka wakidhani ni porojo, na bibi akabaki anajiuliza muuaji amekasirika kwa lipi.

Hatua ya 7: Pima ushahidi wa mwisho

Kisa kikiisha, usizime. Jiulize: ushahidi huu ungesimama mahakamani? Kesi ya jinai hutakiwa kuthibitishwa pasipo kuacha shaka yenye mantiki, na visa vingi vya Columbo huishia kwenye mtego wa kiakili ambao wakili makini angeupasua asubuhi moja. Afande wangu hakustahimili jinsi Luteni anavyotembea na vielelezo kwenye mfuko wa koti pamoja na mayai ya kuchemsha. "Mnyororo wa utunzaji umekatika," alisema, yaani haijulikani tena ni nani aliyekishika kielelezo na lini, akatikisa kichwa. Gawa visa vyako katika mafungu mawili: vile ambavyo kitu kinamfunga muuaji, na vile ambavyo muuaji anajifunga mwenyewe kwa kukiri au kwa tendo linaloonyesha anajua asichopaswa kujua. Fungu la pili ndilo kubwa, na ndilo lenye visa bora.

Any Old Port in a Storm ni kilele cha fungu hilo, na nathubutu kusema hakuna mji wa Tanzania wenye haki ya kukielewa kuliko Dodoma, ambako zabibu huvunwa misimu miwili kwa mwaka na mvinyo ni mazungumzo ya kawaida. Adrian Carsini, aliyeigizwa na Donald Pleasence, ni mtengenezaji wa mvinyo anayeipenda kazi yake kuliko kitu chochote. Ndugu yake wa baba mmoja anataka kuuza kiwanda. Carsini anampiga, anamfunga katika stoo ya mvinyo, anazima mtambo wa kupoza hewa, anasafiri kwenda New York na kumwacha afe kwa kukosa hewa. Akirudi anapanga ionekane ndugu yake alikufa baharini akipiga mbizi.

Andika kwenye daftari mambo mawili: hali ya hewa na gari. Siku zile za safari yake kulikuwa na joto kali, na mvua nayo ilinyesha. Gari la marehemu lililoachwa ufukweni halina alama ya mvua, na hilo linamfanya Luteni atulie na kutafakari. Lakini joto ndilo linalomaliza. Mtambo ulipozimwa, stoo ilichemka, na mvinyo wote wa thamani ukaharibika bila mwenyewe kujua. Luteni anachukua chupa kutoka katika stoo hiyohiyo, anapanga inywewe mgahawani, na Carsini, kwa ulimi wake mwenyewe, anatangaza kwa hasira mbele ya wote kwamba mvinyo huu umeunguzwa na joto kupita kiasi. Hakuna mtu mwingine mezani aliyeonja tofauti yoyote.

Ukirudia kisa hiki, fuatilia jinsi Luteni anavyojifunza. Mwanzoni hajui mvinyo hata kidogo. Anasoma, anauliza, anaonja, na Carsini anaanza kumheshimu kama mwanafunzi. Muuaji ndiye anayempa mpelelezi elimu ya kumkamatia. Ukiwa na mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye viwanda vya mvinyo au mashamba ya Hombolo na Mpunguzi, mkalishe karibu na umwombe aeleze kwa nini chupa hazipaswi kukaa kwenye joto. Maelezo yake yatakufaa kuliko ya kwangu.

Hatua ya 8: Visa vya 1989 hadi 2003

Hivi havihitaji utaratibu wote huo. Vingine ni virefu kuliko hadithi yake, na Falk mzee anazidisha mbwembwe ambazo zamani alizidokeza tu. No Time to Die cha mwaka 1992 hakina hata mauaji ya kupeleleza kwa mtindo wa kawaida. Kiruke bila wasiwasi. Mfululizo uliotengenezwa mwaka 1979 kumhusu mke wa Luteni, ambao waandishi wa awali hawakuukubali, unaondoa fumbo ambalo tamthilia ililitunza kwa makusudi, na kwa maoni yangu hauna nafasi katika ratiba hii. Chagua viwili au vitatu vya mwanzoni mwa kipindi cha ABC, kuanzia Columbo Goes to the Guillotine, uvitazame bila daftari, kisha urudi miaka ya 1970 kwenye visa ambavyo nafasi ya dakika pembeni mwa kauntabuku yako bado iko wazi.